Nani Atamwamini Mzamiaji?

Ndugu msomaji, kwanza tuelewane kwenye neno moja. Nikitaja mzamiaji humu ndani simaanishi wale washikaji waliokuwa wakijipenyeza kwenye meli pale bandarini, wakijificha chini kabisa na kopo la maji na mkate, wakiota Ulaya au Bondeni. Hao wana historia yao, na Mungu akipenda nitaiandika siku moja. Leo namzungumzia mzamiaji wa mtungi wa hewa, anayeshuka chini kwa hiari yake na kurudi juu kabla hewa haijamwishia. Na nazungumzia kile kidude anachoshika mkononi siku hizi, chenye ukubwa unaokaribia mche wa sabuni ya kuogea, yaani kamera.

Usiniulize kijana wa Mbagala, aliyemaliza Form Four na kubaki anaandika riwaya isiyokwisha, amejuaje mambo haya. Nimeyajua kwa aibu.

Nina binamu yangu Mafia. Baba yake, ambaye ni mjomba wangu, alizamia majongoo ya bahari tangu ujana wake mpaka siku alipopanda juu haraka mno na miguu ikakataa kumtii sawasawa. Anatembea, lakini kwa fimbo. Mjomba huyu ana hadithi moja ambayo sisi watoto tuliisikia mpaka tukaweza kuisimulia wenyewe. Zamani, kabla Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia haijaanzishwa mwaka 1995, palikuwa na mwamba aliokuwa akiuzamia, umejaa matumbawe kama bustani. Watu wakaja na mashua usiku wakaupiga baruti. Aliposhuka asubuhi alikuta kifusi, na samaki wadogo wamelala chali kwenye mchanga. Uvuvi wa baruti ulikuwa umekatazwa na sheria tangu mwaka 1970, kwa hiyo mjomba akaenda kushtaki kwenye ofisi moja ambayo jina lake naliacha. Akaulizwa, "Mzee, ushahidi uko wapi?" Kesho yake akarudi na kikapu cha matumbawe yaliyovunjika. Akaambiwa mawe hayo hata ufukweni yapo. Akarudi nyumbani na kikapu chake, na mpaka leo kipo nyuma ya banda la kuku.

Mtoto wake naye akawa mzamiaji, lakini wa kuongoza watalii. Mwaka juzi akanitumia fedha alizodunduliza kutoka kwenye bakshishi za wazungu, akanipigia simu: "Binamu, wewe umesoma. Nenda Kariakoo kanichagulie kamera ndogo ya kuzamia nayo. Nimechoka kuja juu na maneno matupu kama baba." Nikaenda. Nikakuta boksi limeandikwa mita 30, bei ya kuridhisha, muuzaji ana maneno matamu. Nikanunua. Nyumbani nikalifungua kasha, nikalifuta ndani na nje kwa kanga ya mama, nikalifunga, nikalizamisha kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi lilikuwa kavu kabisa. Nikaipandisha kamera kwenye basi, kisha boti, na moyo wangu mweupe.

Ilikufa kwenye mita 14. Binamu alipolifungua kasha alikuta uzi mwembamba wa kanga, ambao huuoni mpaka uusogeze kwenye jua, umelala juu ya ringi ya mpira. Hakunitukana. Alisema tu, "Ndoo ya Mbagala haina mita kumi na nne, binamu." Ingekuwa afadhali angenitukana.

Ndipo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua ni akina nani walizamisha kamera kabla yangu, na walilipa nini. Nikagundua kwamba mimi ni mtu wa mwisho kwenye foleni ndefu sana.

Wa kwanza kwenye foleni hiyo alikuwa mwanasheria. Mwaka 1856, katika ghuba ya Weymouth huko Uingereza, William Thompson alitia kamera ndani ya sanduku, akaifunga kwenye mti mrefu na kuishusha kutoka mashuani mpaka kina cha kama mita tano na nusu. Mbele ya sanduku palikuwa na kifuniko cha kuvutwa kwa kamba. Akakivuta, akasubiri dakika kumi, akapandisha. Maji yalikuwa yameingia. Hata hivyo kwenye kioo cha picha palibaki ukungu wa mawe na mwani, na hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa picha ya kwanza kupigwa chini ya maji duniani. Mwenyewe hakuitumbukiza kamera ili aone uzuri wa bahari. Alifikiria nguzo za madaraja na gati: badala ya kumlipa mtu ashuke akaje kusimulia nguzo imeharibika wapi, si ishuke kamera? Kumbe tangu siku ya kwanza swali lilikuwa lile lile la ofisini kwa mjomba. Anayekaa juu hataki kumtegemea anayeshuka.

Wa pili ni Louis Boutan, Mfaransa, mtaalamu wa viumbe wa baharini. Huyu mimi nampenda, na kama ningekuwa na fedha ningemtungia riwaya. Mwaka 1893 alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Banyuls-sur-Mer, pwani ya Mediterania, akishuka chini na vazi zito la kofia ya chuma, hewa ikipampiwa kutoka juu kwa mpira. Akaona mandhari ambayo hakuweza kuielezea kwa wenzake. Akamwomba kaka yake Auguste, aliyekuwa mhandisi, amsaidie kuunda sanduku la kamera lisiloingiza maji. Kila picha ilitaka Boutan asimame chini asitikisike, wakati mwingine nusu saa nzima, akisubiri mwanga kidogo wa chini uandike kitu kwenye kioo. Nusu saa, msomaji! Wewe ukiambiwa usitikisike dakika moja kwa mpiga picha wa pasipoti unalalamika.

Mwanga wa chini haukumtosha, kwa hiyo akatengeneza wa kwake. Lilichukuliwa pipa lililojazwa oksijeni, juu yake ikawekwa taa ya spiriti ndani ya chupa ya kioo, na pembeni mpira wa kubinya. Ukibinya, unga wa magnesi unapulizwa kwenye moto na kulipuka kwa mwanga mweupe. Moto chini ya bahari. Mwaka 1899 alimpiga picha mwenzake Mromania, Emil Racoviță, akiwa ndani ya vazi lake la kuzamia, na mwaka uliofuata akatoa kitabu kizima kuhusu upigaji picha chini ya maji.

Jambo lililonigusa kwa Boutan ni dogo. Alijua kwamba maji yanasukuma. Kwa hiyo kwenye sanduku lake la kwanza aliunganisha mfuko wa mpira wenye hewa. Sanduku likishuka, maji yanaubinya mfuko, hewa inaingia ndani ya sanduku na kusukumana na maji ya nje. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, kijana wa Mbagala analifuta kasha kwa kanga na kuamini ndoo!

Ngoja nikuonyeshe hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoliwa. Kila mita kumi unazoshuka, maji yanaongeza kama kilo moja kwenye kila sentimita moja ya mraba. Chukua kioo kidogo cha mbele ya kamera, sentimita tatu kwa tatu. Kwenye mita 40 maji yanakikalia kwa kilo kama 36. Huo ni uzito wa mtoto wa darasa la tano amesimama juu ya kioo. Kinachozuia maji yasipite pembeni ni ile ringi ya mpira tu, ambayo mafundi wetu wa magari wanaiita oringi. Inapokuwa safi, maji yenyewe yanaisaidia: yanavyosukuma zaidi ndivyo mpira unavyozidi kubana. Inapokuwa na uzi, unywele au punje ya mchanga, maji yanapata mlango. Na mlango mdogo unaohimili kwenye ndoo hauhimili kwenye mita 14.

Baada ya Boutan mambo yalikwenda polepole. Mwaka 1926, kwenye visiwa vya Dry Tortugas huko Florida, William Longley na Charles Martin walipata picha za kwanza za rangi za chini ya maji, zikatoka kwenye jarida la National Geographic Januari 1927. Picha za rangi wakati ule zilitaka mwanga mkali mno, hivyo walipakia unga wa magnesi kwenye chelezo na kuulipua juu ya maji kila walipotaka picha. Kisa? Rangi. Ukishuka, maji yanameza nyekundu kwanza. Baada ya mita chache tu inaanza kupotea, kisha inafuata rangi ya chungwa, kisha njano, mpaka unabaki na kijani na buluu. Mzamiaji akijikata mkono kwenye mita 20 huona damu yake ya kijani. Binamu anasema mara ya kwanza kuiona alidhani ameingiwa na shetani.

Sasa tufike kwa yule ambaye hata asiyejua kuogelea amewahi kusikia jina lake, Jacques Cousteau. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, yeye na mhandisi Émile Gagnan walipata kifaa cha kumpa mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi kwa kadiri anavyovuta pumzi. Mpira wa kutoka juu ukakatwa, mtu akawa huru kama samaki. Na mtu akishakuwa huru hataki tena sanduku la kushushwa kwa kamba. Cousteau alitaka kamera ambayo mzamiaji anaibeba kama anavyobeba saa, yenyewe kavu bila kuvishwa kasha. Mbelgiji mmoja, Jean de Wouters, akaichora. Ikaingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa jina la meli ya Cousteau, Calypso, na mwaka 1963 Wajapani wa Nikon wakaichukua na kuiita Nikonos. Iliruhusiwa kushuka mita 50. Ikaboreshwa mara kadhaa mpaka Nikon walipoacha kuitengeneza mwaka 2001. Kizazi kizima cha picha za bahari ulizoziona kwenye kalenda na vitabu vya shule kilitoka humo, picha 36 kwa mkanda mmoja, na zikiisha huwezi kufungua kamera chini ubadilishe. Unapanda juu na ulichonacho.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye filamu ya Cousteau. Mwaka 1956 yeye na Louis Malle walitoa filamu iitwayo Le Monde du silence, yaani ulimwengu wa kimya. Ilipata tuzo kuu ya Cannes. Sehemu yake waliipigia hapa hapa kwenye Bahari ya Hindi, katika kisiwa cha Assumption, Shelisheli. Ndani ya filamu hiyo mabaharia wa Calypso wanalipua baruti kwenye matumbawe ili wahesabu samaki waliopo. Samaki wanaelea, wanakusanywa, wanapangwa. Baadaye meli inamjeruhi mtoto wa nyangumi, papa wanakuja kumla, na mabaharia kwa hasira wanawavuta papa hao sitahani na kuwaua kwa mashoka. Yote yamo kwenye filamu. Hakuna aliyewashtaki. Wao wenyewe ndio waliopiga picha, wakaona ni sawa, wakaionyesha dunia nzima na kupewa zawadi.

Nilipofika hapo nilifunga daftari nikatoka nje. Nilimwaza mjomba na kikapu chake. Baruti ya Mafia haikuwa na ushahidi hata mmoja, ya Calypso ina ushahidi wa rangi na muziki. Cousteau baadaye aligeuka akawa mtetezi mkubwa wa bahari, sina ugomvi naye. Ila kuna watu huko Ulaya ambao leo wanaitazama filamu ile kama mtu anavyotazama kumbukumbu za kesi. Kamera ilikuwa kwenye mikono ya watendaji, na bado imewasema.

Kuna kisa kingine, cha karibu zaidi na sisi. Samaki aitwaye silikanti wataalamu walidhani ametoweka duniani tangu zama za dainosari. Desemba 1938 akavuliwa mmoja Afrika Kusini. Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya East London alimchora kwa kalamu na kumtumia mchoro huo mtaalamu wa samaki, J.L.B. Smith. Mwaka 1952 akapatikana mwingine Komoro, ambako wavuvi walikuwa wakimjua kwa jina lao wenyewe, gombesa, bila kumuuliza profesa yeyote. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke akampiga filamu akiwa hai kwenye kina cha karibu mita 200 nje ya Ngazija, akiwa ndani ya chombo kidogo cha kuzamia. Kwetu Tanzania walianza kunaswa kwenye nyavu za jarife kuanzia mwaka 2003, na Tanga ikapata hifadhi ya silikanti mwaka 2009.

Sasa sikiliza. Oktoba 2000, wazamiaji wa mitungi huko Sodwana, Afrika Kusini, walimkuta silikanti mwenyewe, tena si mmoja, kwenye kina cha mita 104. Hawakuwa na kamera. Unadhani walitosheka kusema "tumemwona"? Walijua hawataaminiwa. Wakajipanga, wakarudi Novemba na kamera za picha na za video, wakampata, wakampiga. Katika kupanda juu mmoja wao akapatwa na matatizo, mwenzake akamsaidia, na yule aliyesaidia akafa. Picha zipo. Mimi siwezi kuzitazama bila kumkumbuka mtu huyo, ingawa jina lake sitaliandika hapa kama pambo la hadithi yangu.

Naomba uchukue hiyo uiweke pembeni, tutairudia.

Kamera ndogo yenyewe, hii inayouzwa Kariakoo, haikutoka kwa mzamiaji. Ilitoka kwa mtu wa kuteleza juu ya mawimbi. Nick Woodman, Mmarekani, biashara yake ya kwanza ya intaneti ilikufa, akaenda Australia na Indonesia kupoza machungu kwa kuteleza mawimbini. Alitaka kujipiga picha akiwa kwenye wimbi. Akafunga kamera ya kutupa, ile ya filamu ya mara moja, kwenye kiganja kwa mkanda aliouunga mwenyewe. Kamera ikawa inavunjika. Mwaka 2002 akaanzisha kampuni, mtaji mwingine akiupata kwa kuuza mikanda ya makombe na shanga kutoka Bali kwenye gari lake. Machinga kabisa! Mwaka 2004 ikatoka GoPro ya kwanza. Nayo ilikuwa ya filamu bado, na maji iliyahimili mita tano tu. Mwaka 2006 ikaja ya kidijitali yenye video ya sekunde kumi bila sauti. Mwaka 2009 ikaja HD HERO, ndani ya kasha la mita 60, na wazamiaji dunia nzima wakaruka nayo majini kwa shangwe.

Wakarudi na ukungu.

Hapa nilicheka peke yangu kwenye daladala. Kasha lile lilikuwa na kioo cha mbele kilichovimba, kama jicho la kinyonga. Juu ya maji lilifanya kazi vizuri. Chini ya maji, kioo kilichopinda pamoja na maji vinakuwa lenzi nyingine, na kamera ile isiyo na uwezo wa kujirekebisha ikawa haioni vizuri karibu wala mbali. Mwenye HERO2 ya mwaka 2011 alipatwa na balaa hilo hilo. Dawa ikawa kasha la kioo bapa. Wajanja wa pembeni walianza kuliuza, kisha kampuni yenyewe ikatoa la kwake la kuzamia. Thompson, Boutan, Cousteau, wote walishapigana na maji, na bado mtu wa karne hii akasahau kwamba mwanga hupinda ukitoka majini. Ule mfano wa kijiko kwenye glasi tuliofundishwa Form Two! Sikucheka sana, maana na mimi nilikuwa na kanga yangu.

Ila somo hilo liliniokoa fedha. Niliporudi Kariakoo mara ya pili, safari hii na fedha zangu mwenyewe nilizopata kwa kubeba matofali miezi mitatu, muuzaji alinitolea HD HERO ya mkononi, bei ya kutupa, na kasha lake. Nikaligeuza nikaona lile jicho la kinyonga. Nikamrudishia. Akaniuliza kama mimi ni fundi.

Akanionyesha mpya zisizohitaji kasha. Kweli, tangu HERO5 ya mwaka 2016 kamera hizo huingia majini zenyewe, lakini mwisho mita 10. DJI Osmo Action ya mwaka 2019 iliruhusiwa mita 11, na ndugu yake Action 4 ya mwaka 2023 ikafika mita 18. Mtu wa kuogelea juu juu na kioo cha uso hizo zinamtosha kabisa. Lakini mzamiaji wa cheti cha mwanzo anaruhusiwa kushuka mita 18, anayeendelea 30, na mwisho wa wazamiaji wa burudani ni 40. Namba ya kwenye boksi lazima iizidi namba ya mtu kwa mbali, si kulingana nayo. Mimi sitaki kamera ya binamu yangu iwe inatembea ukingoni mwa uwezo wake kila siku ya kazi. Kuna nyingine, za SeaLife, zilizozibwa moja kwa moja kiwandani bila mlango wa kufungua, mita 60. Wazo la akili sana: kama hakuna mlango, hakuna uzi wa kanga. Lakini betri yake ikichoka huibadilishi, na kwa mtu wa Mafia anayelala baharini tangu alfajiri hilo ni jambo. Danemaki kulikuwa na kampuni ya Paralenz iliyotengeneza kamera ya wazamiaji peke yao, iliyojua kina chake na kurekebisha rangi yenyewe kadiri unavyoshuka. Kampuni ikafilisika mwaka 2022. Ukiiona inauzwa rahisi jiulize spea utapata kwa nani.

Nikamaliza na HERO7 ya mkononi, pamoja na kasha lake la mita 60 la kioo bapa, na betri tatu. Muuzaji akataka kunibambika na taa kubwa. Nikamuuliza binamu kwa simu, akasema kazi yake ni matumbawe ya mita kumi mpaka kumi na tano, mchana, jua likiwa juu. Basi nikachukua kioo chekundu cha kubandika mbele, ambacho kinairudishia picha ile nyekundu iliyomezwa. Nacho si cha kubandika na kusahau: ukipanda juu karibu na uso wa maji kinageuza dunia nzima kuwa nyekundu kama tanuri, ukishuka sana kinakula mwanga bure. Na siku mto Rufiji unapomwaga tope mpaka upande wa Mafia, maji yanakuwa ya kijani, hapo kinachotakiwa ni cha rangi ya waridi. Hicho nilikikosa. Nikanunua pia grisi ya silikoni. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu nilivikusanya kwenye maboksi ya viatu kwa dada anayeuza mitumba ya daraja la kwanza. Kimoja ndani ya kasha kinazuia kioo kisipate jasho kamera ikipata moto ndani na maji yakiwa baridi nje.

Kwenye boksi nikatia karatasi ya maelekezo. Ringi isifutwe kwa kitambaa cha uzi, bali kidole safi chenye grisi kidogo. Kasha lishuke kwanza tupu, bila kamera, mpaka mita 20, na likija juu kavu ndipo kamera iingie. Baada ya bahari liloweshwe kwenye maji baridi ya kisima kabla chumvi haijakauka. Na mwisho nikaandika habari ya wale wazamiaji wa Sodwana. Nikamwandikia kwamba kamera ifungwe kwa kamba kwenye fulana ya kuzamia ili aweze kuiachia sekunde yoyote mikono ikitakiwa kwa kazi nyingine, na kwamba geji ya hewa itazamwe kabla ya kioo cha kamera, kila mara. Miguu ya baba yake anaijua, sikuhitaji kuitaja.

Sasa hivi binamu anaitumia kwa jambo ambalo sikulitegemea. Papa shilingi, yule mkubwa kama basi, mpole, mwenye madoa kama sarafu mgongoni, huonekana sana Mafia kwa msimu. Kila mmoja madoa yake ni ya peke yake, kama alama za vidole. Mwaka 2005 wataalamu walichukua hesabu iliyotumiwa na watu wa elimu ya nyota kulinganisha picha za anga, wakaitumia kulinganisha madoa hayo. Ukipiga picha ubavu wa kushoto, nyuma ya matamvua, juu ya pezi la kifuani, kompyuta inaweza kusema: huyu tunamfahamu. Kwa hiyo kijana wa Mafia anayeogelea kando kwa adabu, bila mtungi na bila kumgusa, anaandika rejista ya samaki wale. Hilo Boutan hakuliota.

Video yake ya kwanza alinitumia Januari. Dakika nne. Mkono unatetemeka, sauti ni ya mapovu tu, na mwanzoni kioo chekundu kimefanya kila kitu kama kimechovywa kwenye mchuzi wa nyanya. Kisha anashuka, rangi inatulia, na mwamba unatokea. Nusu yake bado ni kifusi. Juu ya kifusi yameota matumbawe, mengine makubwa kama sinia, na samaki wanaingia na kutoka.

Alimwonyesha baba yake uani, kwenye simu, wamekaa kwenye mkeka. Anasema mzee alitazama mpaka mwisho bila neno. Halafu akaweka fimbo chini, akasogeza uso karibu na kioo, akasema, "Rudisha nyuma kidogo. Hapo kwenye jiwe lililopasuka."